Tupeane uzoefu: kula mkiwa kundi kwenye mgahawa wa Guatemala

Mpakuaji
Wakuu, uzi huu ni wa wanaokwenda Antigua au Guatemala City na kukaa watu wanane meza moja. Pale hakuna sinia. Kila mtu hupakuliwa yake: kipande cha nyama, mchuzi, wali pembeni. Mkitaka kuonja vingi, agizeni aina tofauti na muombe sahani tupu tangu mwanzo: "platos vacíos para compartir". Kwa wanane ningepanga pepián (mchuzi wa nyama na mbegu) nne, jocón (kuku wa mchuzi wa kijani) mbili na kak'ik mbili. Pepián na jocón zina mchuzi mzito, zinagawanyika kwa kijiko. Kak'ik, supu nyekundu ya Alta Verapaz, huja na pande kubwa la bata mzinga lenye mfupa. Ukiigawa, kuna atakayeambulia mchuzi mtupu. Wape wanaoitaka hasa.
Nendeni mchana. Ndio mlo mkubwa wa siku, na ukichelewa sana unaweza kukuta sufuria ya pepián imeisha.

Ufuta na Mboga
Naongeza kwenye pepián, maana ndiyo sahani ya kupimia mpishi. Mbegu za maboga na ufuta hukaangwa bila mafuta, kila kimoja peke yake, kwa sababu ufuta huungua upesi. Pilipili kavu, guaque na pasa, nazo hupitishwa motoni. Nyanya huchomwa mpaka ganda liwe na madoa meusi. Vyote husagwa, kisha hupikwa na kuku, viazi na güisquil, mboga ya kijani jamii ya maboga. Ukisikia uchungu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi, ujue pilipili au ufuta uliungua.
Msiogope rangi. Pepián haiwashi sana. Ukali wenyewe huletwa kwenye kibakuli pembeni, mara nyingi ni chiltepe, vipilipili vidogo vya mviringo. Onjeni kimoja kwanza kabla ya kumwaga.

Bi Mkubwa wa Tanga
Kwa Waislamu kwenye kundi: nguruwe hujificha kwenye mafuta. Maharage meusi ya kupondwa, tamales na chuchitos (unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani na kupikwa) mara nyingi hutiwa mafuta yake. Msiulize "manteca" peke yake, maana kuna na ya mimea, ulizeni "¿lleva manteca de cerdo?" Na pepián nyingine huchanganywa kuku na nguruwe, kwa hiyo hilo nalo liulizwe. Kuhusu uchinjaji, msitarajie halali, bora mle samaki.
Mkifika Livingston, pwani ya Karibi, agizeni tapado ya Wagarifuna, watu wa pwani hiyo wenye asili ya Afrika na Karibi: samaki, kaa, kamba na ndizi ndani ya tui la nazi. Mtu wa Pwani atajiona yuko jikoni kwao. Lakini mwenye mzio wa kamba asidanganyike kuwa atawatoa pembeni. Mchuzi wote umeshaingia.

kijana_wa_mtaa
@Bi Mkubwa shikamoo, umesema kweli tupu. Tamal kubwa huweza kuwa na zeituni yenye kokwa ndani, waambieni watoto watafune polepole. Tortilla, chapati za mahindi, huja zimefunikwa kitambaa. Kila anayechukua afunike tena, zikipoa zinakakamaa. Maji semeni "agua pura". Asiyetaka soda achukue fresco de tamarindo, ni ukwaju.

Mweka Hazina
Bili sasa. Haiji mpaka uiombe: "la cuenta, por favor". Kama kila mtu analipa yake, semeni "cuentas separadas" kabla ya kuagiza, kwa sababu kutenganisha oda za watu wanane mwishoni ni kazi ya nusu saa na makosa huingia hapo. Mhudumu atauliza NIT, namba ya mlipakodi. Mgeni hujibu "CF", yaani "consumidor final", mnunuzi wa kawaida asiye na namba hiyo. Kodi ya IVA, 12%, huwa imo tayari kwenye bei ya menyu. Angalieni mstari wa "propina": mara nyingi 10% ya bakshishi ya mhudumu imeshajumlishwa, na kundi lisilosoma huilipa mara mbili. Kama haipo, acheni hiyo 10% taslimu kwa quetzal, pesa ya Guatemala.