Miguu gani ya tripodi inafaa kwenye theluji laini?

Mpiga Alfajiri

Ndugu wapiga picha, naomba ushauri wenu. Juma lililopita nilisimamisha tripodi yangu juu ya theluji iliyoanguka usiku kucha, nikapiga picha ya sekunde 30 kabla jua halijachomoza. Kwenye kioo cha kamera picha ilionekana safi, lakini nilipoikuza nikakuta kila kitawi cha mti kina pacha wake pembeni, na nilipoinama kuutazama mguu wa mbele nikaona umezama kiasi cha upana wa kidole tangu nilipousimamisha. Tripodi ni ya aluminiamu, na vikanyagio vyake vya mpira vina kipenyo cha milimita 25. Ukijumlisha tripodi, kamera na lenzi, uzito wote ni kama kilo 4. Wauzaji wana miiba ya chuma na wana sahani pana za theluji. Nichukue ipi, na je, sahani naweza kujitengenezea mwenyewe?

Fundi Hesi

Ndugu Mpiga Alfajiri, kwa theluji laini achana na miiba. Mwiba umeumbwa kuuma barafu au theluji iliyokwisha kuwa ngumu. Kwenye theluji mpya unapenya tu kama sindano kwenye pamba. Tazama hesabu yenyewe: kila mguu unabeba kama kilo 1.3, na kikanyagio cha milimita 25 kina eneo lisilofika hata sentimita 5 za mraba, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba karibu gramu 270. Ukiweka sahani ya kipenyo cha sentimita 12, eneo linakuwa kama sentimita 113 za mraba na mzigo unashuka hadi gramu 12 hivi. Hiyo ni nafuu ya mara 23, na umepanua kipenyo kwa chini ya mara 5 tu.

Ukiamua kununua, pima kwanza hesi ya mguu wa tripodi yako, yaani mikato ya skrubu ambako kikanyagio hufungwa. Miguu mingi hutumia hesi ya inchi 3/8, lakini ipo ya inchi 1/4 na ipo ya milimita 8, na hapo ndipo watu wanapoharibu vyombo. Bolti ya milimita 8 huingia kwenye tundu la inchi 3/8 ikacheza cheza bila kushika, ilhali ya milimita 10 hushika mzunguko mmoja kisha ikakaza; ukiilazimisha, unakata hesi ya aluminiamu na mguu umekwisha. Ikiwa haizunguki kwa vidole, si yake.

Kujitengenezea kunawezekana, na mimi naona ni bora zaidi kwa sababu huhitaji kugusa hesi kabisa. Kata plaiwudi ya duara, ipake vanishi pande zote pamoja na kingo, kisha gundisha katikati kifuniko kipana cha chupa kikiwa kimetazama juu, kikanyagio cha mpira kikae ndani yake. Toboa matundu mawili kandokando, pitisha kamba ya mpira, uifunge kwenye mguu.

Kivuli Kirefu

Nakubaliana na Fundi kuhusu sahani, ila kuna jambo hakuligusa, nalo ndilo lililonivunjia tripodi ya kwanza. Theluji inapokuwa ya kufika gotini, sahani nazo huzama kwanza kabla ya kutulia. Ukiwa umeitanua miguu hadi mwisho wake, kisha ukaikandamiza kutoka juu, theluji huisukuma izidi kwenda nje wakati haina tena pa kwenda, na nguvu yote inaishia kwenye kiungo cha juu ambako miguu mitatu inakutana. Changu kilipasuka kwa mlio mdogo tu, mfano wa biskuti. Tangu siku hiyo naitanua miguu kidogo pungufu ya kikomo, naikandamiza mmoja mmoja, na yenyewe hujifungua hadi kikomo inapofika chini.

Kama si lazima theluji ya mbele ibaki bila alama, ikanyage kwanza pale unapotaka kusimama, halafu usubiri dakika kumi au zaidi. Punje zilizobanwa huanza kushikana zenyewe, na sehemu ambayo mwanzoni ilikuwa unga inakuwa sakafu. Kusubiri huko kunafaa pia kwa tripodi iliyotoka ndani ya nyumba, kwa maana chuma chenye joto huyeyusha theluji chini yake, hushuka, kisha maji yale huganda na kukushika mguu.

Mpiga Alfajiri

Nawashukuru sana. Nimetengeneza sahani tatu na leo nimezijaribu. Picha ya sekunde 30 imetoka bila pacha hata mmoja. Mambo mawili yamenisumbua: sahani moja ilikaa upande, ukingo wake ukachimba theluji, na nilipoinua tripodi, sahani nyingine ilibaki chini, nikaichimbua kwa mikono.

Fundi Hesi

La kwanza ni kifuniko kuwa chembamba mno. Mguu wa tripodi husimama kwa mshazari wa nyuzi ishirini na kitu, kwa hiyo kikanyagio lazima kipate nafasi ya kulala humo ndani huku sahani ikibaki bapa. Tafuta kifuniko kipana zaidi, na ulegeze kamba ya upande wa nje.

La pili, usivute kwenda juu moja kwa moja, kwani theluji iliyomwagikia juu ya sahani inaikalia. Ulaze mguu upande mmoja ili ukingo utangulie kutoka. Na paka sahani rangi ya chungwa. Plaiwudi iliyojaa theluji haionekani hata ukiikanyaga.

Kivuli Kirefu

Nyongeza: fungua kipande cha chini kabisa cha mguu kwanza, ili kufuli zinazokaza vipande vya mguu zikae juu ya theluji. Kufuli iliyoingia maji hugoma kuzunguka baridi ikizidi. Kabla ya kukunja, futa kila kipande, na ukifika ndani uiache tripodi imefunguliwa yote hadi ikauke.