Picha ya simba niliyonunua mtandaoni: naruhusiwa kuprinti tisheti za kuuza?

MchoraKariakoo:
Wakuu, habari za jioni. Nina mteja mwenye kampuni changa ya kutembeza watalii Mikumi. Nilimtengenezea vipeperushi kwa mchoro wa simba nilioununua Shutterstock, leseni ya kawaida, risiti ninayo. Vimemkosha kweli. Sasa anataka tisheti 200 za kuwauzia wageni, halafu simba huyohuyo awe nembo ya kampuni, aisajili BRELA kama alama ya biashara. Mimi naona nimeshalipia, yameisha. Jamaa yangu kanitia hofu eti haifai. Ukweli ni upi?

MamaTaipu:
Kijana wangu, ulicholipia ni ruhusa. Mchoro bado ni wa aliyeuchora, na ruhusa ina mipaka yake. Ya kawaida inakupa nakala zilizochapishwa hadi 500,000, kwa hiyo vipeperushi lala usingizi.

Tisheti zinataka leseni ya juu, wanaiita Enhanced, na bei yake imechangamka. Mgeni atatoa hela kwa ajili ya yule simba kifuani. Mchoro wenyewe umekuwa bidhaa. Na usidhani utapenya kwa kusema unagawa bure: za matangazo nazo zimo humohumo.

Nembo usiguse. Hata hiyo ya juu haikuruhusu. Simba huyo yuko sokoni, kesho muuza dawa ya mbu huko India anamnunua kwa haki kabisa. Mteja wako atamshtaki kwa lipi? Alama ya biashara kazi yake ni kumtenga mtu na wenzake, na hiyo haimtengi na yeyote. Chora wa kwako, mtoze hela ya kuchora, haki umkabidhi kwa maandishi. Nashangaa vijana mnaojua kuchora mnavyokimbilia kununua.

FundiSkrini:
Mnajipa presha bure. Picha za bure zimejaa kwenye tovuti ya Pixabay, hazina risiti wala nini. Mimi naprinti tu.

MamaTaipu:
Fundi, soma masharti yao. Tangu Januari 2019 picha mpya za Pixabay hazitolewi tena chini ya CC0, yaani ile ya mwenye picha kuachia haki zake zote; wana leseni yao. Kuitumia ni bure, lakini kuichukua ilivyo ukaibandika kwenye tisheti au bango ukauza, hapana; lazima uongeze kazi yako juu yake. Unsplash, tovuti nyingine ya picha za bure, nao waliiacha CC0 mwaka 2017. Na aliyeipakia huko, nani kakuhakikishia kwamba ni yake?

FundiSkrini:
Haya, mama. Ila Kariakoo nzima tutafunga.

MchoraKariakoo:
Nimekuelewa, mama, shikamoo. Moja la nyongeza: nimeona picha ya mashabiki uwanjani, imeandikwa Editorial. Kuna mwenye baa anataka tangazo la siku ya mechi. Nikinunua Enhanced si nitakuwa salama?

MamaTaipu:
Marahaba. Hapana. Hiyo ni ya gazeti, blogu ya habari, kitabu cha shule. Mashabiki hao hawakusaini popote kwamba sura zao ziuze bia, na jezi zimejaa nembo za klabu na wadhamini. Kulipa zaidi hakuondoi sharti hilo. Waite washkaji wanne wavae fulana tupu, wapige picha hapo baa, wasaini karatasi.

MchoraKariakoo:
Sawa. Simba nimeanza kumchora leo. Mteja kashaanza kuuliza kwa nini bei imepanda.