Naomba ushauri: niwapandishe chatu wangu wote msimu huu au nipunguze?

Mwanatanga
Habari zenu, wakuu. Ninaishi Ohio, Marekani, ambako tangu mwaka 2020 ninazalisha chatu wa mpira, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejiviringa akiogopa, kwa ajili ya watu wanaofuga nyoka majumbani. Nilianza wakati wa UVIKO, watu waliposhinda ndani wakitafuta wanyama wa kufuga, na mtoto mmoja wa rangi adimu nilimuuza dola 400. Leo mwenye rangi ileile namuuza dola 90, na bado mnunuzi anaomba apunguziwe, ilhali panya wa kugandishwa, umeme wa kupasha joto na usafirishaji vimepanda (posta ya serikali huku haipokei nyoka, kwa hiyo tunalipia kampuni binafsi). Nina majike 22, na kupandisha kunaanza mwezi ujao. Je, nivumilie mpaka bei irudi?

Mzee Kiango
Pole sana, ndugu yangu, lakini bei ile usiisubiri. Albino wa kwanza waliozalishwa na wafugaji mwaka 1992 waliuzwa dola 7,500 kila mmoja, na leo rangi hiyo ni ya kawaida kabisa sokoni. Anayeuza chatu huuza bidhaa pamoja na mtambo wa kuitengenezea: rangi hurithiwa, na jike uliyemuuza mwaka 2021 alihitaji miaka mitatu tu, hata afikishe gramu 1,500 hivi, ndipo aanze kutaga. Aliyemnunua kwako sasa anauza pembeni yako. Wengi walioingia pamoja nawe wakati wa UVIKO walifikia hatua hiyo kwa mkupuo, na wanunuzi hawakuongezeka.

Binti Seyyida
Nakubaliana na Mzee, ila nakusihi usiwauze majike kwa pupa. Chatu huyu huishi miaka 20 hadi 30, na sokoni palivyojaa unaweza kumtupia mtu asiye na nafasi wala joto la kutosha. Pandisha wachache tu, wale ambao watoto wao wamekwisha kuombwa na kulipiwa arbuni. Anayepumzika hurudisha mwili, wala hakuongezei watoto wa kulisha wakati wanasubiri mnunuzi. Tena, kama una wenye jeni ya spaida, inayowafanya watikise kichwa na kupoteza mizani, waache kabisa. Hata bei ingekuwa nzuri, sioni haki ya kuzalisha kilema kwa makusudi.

Mwanatanga
Ahsanteni sana. Nimepiga hesabu usiku huu na kuona kwamba ni majike watano tu wanaojilipia chakula na umeme wao. Nitapandisha hao. Kati ya waliobaki, wawili wana spaida. Nitawatunza mwenyewe mpaka mwisho wao. Dada, arbuni unatoza kiasi gani?

Binti Seyyida
Robo ya bei. Mayai yasipoanguliwa, mnunuzi hurudishiwa yote.