Mjadala: Tukitumia umeme zaidi, misitu itapona au itakwisha?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Kila mazingira yanapozungumzwa naisikia hoja moja: kila uniti ya umeme tunayoongeza ni jeraha jipya, kwa hiyo dawa ni kutumia nishati kidogo. Naipinga, angalau kwa Tanzania. Kwetu sisi anayetumia umeme kidogo mara nyingi ndiye anayepikia msitu, na hafanyi hivyo kwa kupenda.

Mama yangu mdogo anakaa Mbagala, Dar es Salaam. Akiinjika maharage saa nne asubuhi, jiko la mkaa linawaka mpaka saa saba: kupepea, kuongeza maji, kuongeza mkaa. Anaununua kwa kopo kwa jirani. Vipande vingine bado vina gome la mti, na ukivigonganisha vinalia kama vigae. Umeletwa na pikipiki iliyopakia magunia kutoka huko Mkuranga na Rufiji.

Mwaka jana tukamnunulia jiko la presha la umeme, wati 1,000. Maharage yaleyale yanaiva ndani ya saa moja, na kwa kuwa jiko hujizima joto likitosha, halili hata uniti nzima. Hapo umeme umetumika zaidi na mti umebaki umesimama.

Lakini baada ya wiki chache alilirudisha kabatini. Bei ilimshinda. Mteja mdogo wa nyumbani anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akivuka hapo, bei inaruka zaidi ya mara mbili. Uniti hizo zinatosha taa, televisheni na kuchaji simu. Ukianza na kupika, unavuka. Yaani utaratibu uliowekwa kumsaidia mwenye kipato kidogo ndio unaomrudisha kwenye mkaa! Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mitungi ya gesi inagawiwa, si vibaya, ila gesi hiyo tunaiagiza nje kwa dola wakati umeme tunao.

Sasa wa upande wa pili watauliza: huo umeme mmeutoa wapi? Wana haki ya kuuliza. Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, limejengwa ndani ya iliyokuwa Selous, pori lililoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982. Miti ilikatwa, bonde likafunikwa maji. Na ipo gharama ambayo haionekani kwenye picha za mitambo. Mto Rufiji, ambao bwawa limeuziba, ulipofurika ulikuwa unashusha tope lenye rutuba. Maji yakipungua, watu wanalima mlau, yaani kilimo cha kwenye tope lililoachwa na mafuriko, bila kununua mbolea. Tope hilohilo ndilo linaloilea mikoko ya delta, pale mto unapoingia baharini, wanakokulia kambamiti. Bwawa linalizuia. Siwezi kumtazama mkulima wa Utete usoni nikamwambia mazingira yamelindwa kwa sababu tu mama yangu mdogo ameacha mkaa.

Hata hivyo bwawa limeshajengwa. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Kinachoniuma ni sisi kuilipa gharama yote hiyo, halafu Mbagala waendelee kuchoma mkaa wa Rufiji ileile.

Msimamo wangu ni huu. Anayepikia umeme apewe bei yake, asiadhibiwe kwa kuvuka uniti 75. Na bwawa lifunguliwe kwa kufuata msimu wa mlau, maji yashuke pale mkulima anapoyahitaji, hata kama kwa wiki kadhaa megawati zitapungua. Umeme wa jua kama ule wa Kishapu, mkoani Shinyanga, uongezwe kuziba pengo. Atakayesema hilo ni ghali, aweke mezani pia bei ya delta isiyo na mikoko.

Mlioko Utete, Ikwiriri na Mloka: tangu maji yaanze kuzuiwa Desemba 2022, mlau umekuwaje? Na mliowahi kupikia umeme mwezi mzima, uniti zilikwenda ngapi?