Gari la umeme la maonyesho: tumelipa kiingilio, tukaoneshwa bodi tupu

Ndugu wanajukwaa,

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wapwa zangu wawili katika jumba moja la maonyesho hapa Dar es Salaam, ambalo lilikuwa limetangaza kwa mbwembwe kwamba linaonesha mfano wa kwanza wa gari la umeme lililoundwa na vijana wetu. Nilirudi na hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Gari lilikuwa limepandishwa jukwaani, limezungushiwa kamba nyekundu na kumulikwa mataa kama bibi harusi. Bango lake, Kiingereza kitupu, lilidai kwamba limekwisha kufanyiwa majaribio barabarani. Nikachuchumaa kutazama matairi: vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kiwandani vilikuwa vimesimama vyote, hata katikati ya kashata, mahali ambapo safari moja tu ya kwenda sokoni ingetosha kuvinyoa. Mpwa wangu wa darasa la sita akauliza, "Mjomba, linachajiwa wapi?" Tulipotafuta, tukakuta kifuniko cha tundu la kuchajia ni stika iliyobandikwa juu ya rangi, tena ukingo wake umeanza kubanduka. Nikamwomba mlinzi atuitie mtu wa kutufungulia boneti. Akanijibu kwa upole, "Mzee, hili ni la kutazama tu, ndani hamna kitu." Katika jumba zima, huyo ndiye aliyetuambia ukweli.

Sipingi bodi kuoneshwa, maana kuchora umbo la gari ni kazi ya heshima, lakini bodi iitwe bodi. Uzito wa betri ndio unaoamua chesisi iwe na nguvu kiasi gani, springi ziwe ngumu kiasi gani na breki zihimili nini. Kwa hiyo gari lisilo na betri wala mota haliwezi kumfundisha mtoto lolote kuhusu gari la umeme, isipokuwa rangi yake.

Wala wasituambie kwamba Afrika Mashariki bado ni changa katika mambo haya. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kiliendesha Kiira EV, gari la watu wawili lenye betri za lithiamu, hadharani, watu wakiliona likitembea. Huko nyuma, mwaka 1990, magari ya Nyayo ya Kenya, ambayo yalitumia petroli na hayakufika sokoni kamwe, yalizinduliwa yakiwa yanaendeshwa. Hata General Motors, ambayo iliyaponda magari yake mengi ya umeme ya EV1 na kuyapa majumba ya makumbusho magari machache yaliyolemazwa makusudi, angalau ilitoa magari ambayo kweli yalikuwa yamewahi kuingia barabarani.

Niliwaandikia wahusika nikiuliza betri ni ya kilowati-saa ngapi na gari lilijaribiwa wapi. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: hiyo ni "kazi ya sanaa", na kiingilio hakirudishwi. Kama ni sanaa, yale majaribio ya barabarani yaliyoandikwa kwenye bango yalifanywa na nani, na kwa matairi yapi? Shilingi 10,000 kwa kila kichwa, watoto wakiwamo, si hela ya kuchezea.

Risiti ninazo na picha za matairi ninazo. Aliyewahi kuliona gari hilo likisogea kwa nguvu zake lenyewe, hata hatua kumi, naomba aweke video hapa.