MREJESHO: Wanafunzi na kozi kwenye Hibernate, tatizo limeisha

Wakuu, swali langu lilikuwa hili: mwanafunzi ana kozi nyingi, kozi ina wanafunzi wengi, na nikimwondoa mmoja tu, Hibernate (zana ya Java inayounganisha programu na hifadhidata) inafuta mistari yote ya kozi hiyo kwenye jedwali la kati (linalounganisha wanafunzi na kozi), halafu inaingiza upya iliyobaki.

Mliosema chanzo ni kutumia List (orodha ya Java) kushika wanafunzi wa kozi mlikuwa sahihi. Nimeweka Set (mkusanyiko usioruhusu kitu kujirudia), nikaandika equals na hashCode (zinazoiambia Java vitu vipi ni sawa), na sasa logi inaonyesha DELETE (amri ya kufuta) moja yenye mwanafunzi_id na kozi_id. List isiyo na safu ya mpangilio inaruhusu jozi ileile kujirudia, kwa hiyo Hibernate haiwezi kulenga mstari mmoja, inafagia yote.

Ila aliyenisaidia zaidi ni yule aliyeuliza, "Alama na tarehe ya kusajiliwa utaziweka wapi?" Kweli kabisa! Alama si ya mwanafunzi peke yake wala ya kozi peke yake. Basi ManyToMany (uhusiano wa wengi kwa wengi) nimeiondoa, nikaunda entiti (darasa la Java lenye jedwali lake) ya Usajili yenye ManyToOne (wengi kwa mmoja) mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kozi. Ufunguo mkuu (unaotambulisha kila mstari) ni zile id mbili kwa pamoja, hivyo hifadhidata yenyewe inakataa mtu kusajiliwa mara mbili kwenye kozi moja. Kodi ya programu imeongezeka kidogo, lakini kutafuta waliopata zaidi ya 70 kumekuwa kwepesi mno.

Wanaobaki na ManyToMany, tafadhali msiweke CascadeType.REMOVE (mpangilio wa kufuta pia vilivyounganishwa): ukimfuta mwanafunzi, itajaribu kufuta na kozi zake, ambazo wenzake bado wanazisoma. Asanteni sana.