Naomba ushauri: nahau za Kiingereza zinanikwamisha kazini

Habari zenu wakuu. Nipo mapokezi hotelini, Zanzibar, wageni wengi ni Waingereza. Juzi mama mmoja mtu mzima aliniambia yuko "under the weather". Nikamjibu mvua itakatika mchana. Akanyamaza, akapanda chumbani taratibu akishikilia ukuta. Mwenzangu ndiye aliyenifahamisha kwamba alikuwa anaumwa. Imeniuma sana, ningemwitia daktari mapema.

"Piece of cake", yaani jambo rahisi, nimeshaikariri, lakini orodha hazinisaidii. Neno mojamoja nalielewa, yakikaa pamoja nakwama. Kama mgeni asikie "amekula chumvi nyingi" akadhani ni habari ya chakula.

Mliopita njia hii, mlizizoeaje? Na nisipoelewa, nimuulize mgeni palepale?